Kamera ya Wikiendi, Jina la Biashara au Kampuni: Lipi Linamfaa Mpiga Picha wa Mtwara?

Kwa miaka minne nilikuwa mpiga picha wa pembeni. Mshahara wangu ulitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, na kamera ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili. Aliyeniuliza studio yangu iko wapi nilimwonyesha begi mgongoni, tukacheka, tukapatana bei. Kisha taasisi moja ikaniita Shangani nipige picha za semina yao ya siku 3. Kazi nikaifanya, picha wakazipenda. Nilipokwenda kudai changu, mhasibu akanitajia vitu vitatu: TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, ankara yenye jina la biashara, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. TIN nilikuwa nayo, ila niliichukua nilipokata leseni ya udereva, na haikuwa ya biashara.

Malipo yalikaa wiki 7. Mhasibu sikumlaumu, fedha si zake, na mkaguzi akija atamuuliza yeye. Mwishowe nikapitishia ankara kwa jamaa mwenye duka la stationari, akakata chake, na mauzo yangu yakahesabiwa kuwa yake. Sitarudia tena. Yeye alijibebesha kodi ya kazi asiyoifanya, na mimi nikabaki sina hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kufanya kazi pale.

Tangu nilipojisajili, vijana wenye kamera hunifuata na swali lilelile: "Kaka, niendelee hivihivi, nisajili jina la biashara, au nifungue kampuni kabisa?" Wengi hujipima kwa ukubwa wa kamera au idadi ya wanaowafuata Instagram. Mimi huwaambia wamwangalie anayelipa. Bibi harusi wa Chikongola hatakuuliza TIN. Shule inayotaka picha za mahafali huenda ikauliza. Halmashauri, mradi wa gesi, benki na shirika lolote lenye mkaguzi watauliza, tena kabla hujafungua begi. Orodhesha waliokulipa miezi 12 iliyopita, uone ni wangapi walihitaji karatasi na wangapi waliondoka kwa sababu huna. Orodha hiyo ndiyo itakayokujibu.

Kubaki wa pembeni

Njia hii huwa inadharauliwa, lakini kwa mikoa yetu ina akili yake. Pesa ya Kusini ina msimu. Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi, malipo yakaingia kwa wakulima kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika, simu ya mpiga picha haipumziki: Tandahimba wanaoa, Newala wanatoa wali (vijana waliomaliza jando au unyago), Masasi mtu ameezeka nyumba anataka familia yote ipigwe mbele yake. Shule zikifunga kuna jando na unyago. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, harusi zinasimama, Mtwara na Lindi kote kimya, mpaka Idi ifufue watu. Baada ya hapo kuna miezi ya masika ambayo unaweza kukaa wiki tatu unapiga paspoti saizi tu.

Mtu mwenye mshahara hiyo miezi haimtishi. Aliyeacha kazi Novemba kwa sababu simu inaita kila siku, akapanga chumba cha biashara kwa mwaka mzima, Aprili utamkuta anauza lenzi. Nimenunua lenzi moja kwa njia hiyo, na sikujisikia vizuri.

Ila pembeni haina maana ya kutodaiwa kodi. Sheria haiangalii kibao, inaangalia kipato. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa mwaka 2022 kwa wafanyabiashara wadogo wasio kampuni, mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Ukivuka hapo umeingia kwenye hesabu, hata kama studio yako ni begi. Wengine bado wana vile vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa Sh 20,000; vilikuwa vya watu wenye mauzo ya chini ya hiyo milioni 4, na havikuwahi kumridhisha mhasibu wa taasisi.

Kuna kitu kingine kinachokutoa kwenye starehe bila wewe kupenda, nacho ni kishika uchumba, yaani kianzio cha malipo. Ukishapokea Sh 100,000 ya mtu kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao, umekuwa mfanyabiashara, uwe na cheti au huna. Nilikuwa Newala kwenye harusi memori kadi ilipogoma. Bahati, kijana niliyekwenda naye alikuwa na kamera ya pili, na picha zake ndizo zilizoniokoa kwa mama wa bibi harusi, mama ambaye hadi leo akinipigia simu nasimama. Kwa hiyo hata anayebaki wa pembeni awe na karatasi moja ya makubaliano: tarehe, bei, kianzio, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, na nini kitarudishwa chombo kikiharibika. Kadi ziwe mbili. Karatasi hiyo haihitaji BRELA, wakala wa kusajili biashara.

Jina la biashara

Hapa ndipo naona wapiga picha wengi wa Mtwara na Lindi wanapotakiwa kuishia, angalau kwa miaka ya mwanzo.

Usajili unafanyika BRELA kwa mtandao. Unatakiwa uwe na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na jina ambalo halijachukuliwa. Njoo na majina manne mfukoni, maana yale mazuri yote yenye "studio" na "picha" yana wenyewe. Mimi nililipa Sh 20,000, chini ya nauli yangu ya kwenda Masasi na kurudi na begi la taa. Jina likitoka unakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kuifanya TIN yako iwe ya biashara, unakadiriwa, unapata cheti cha kutodaiwa kodi, ndipo unaomba leseni ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Ukiwa na hivyo, benki inakufungulia akaunti yenye jina la biashara, na lipa namba yako inasoma jina hilo badala ya lako la kuzaliwa. Usiidharau hiyo. Kamati ya harusi ikichangisha, mweka hazina hutulia akiona jina la studio kwenye ujumbe wa malipo.

Sasa hesabu. Tuseme umepiga harusi 20 kwa Sh 300,000 kila moja, hizo ni milioni 6, na mahafali na kazi ndogondogo zikaleta milioni 1.5. Mauzo ni Sh 7,500,000. Kwa viwango vile vya 2022, mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa asiyetunza kumbukumbu hulipiwa Sh 250,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa Sh 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani kwa mfano wetu 90,000 na 15,000: jumla Sh 105,000. Tofauti ni Sh 145,000, kwa kuandika daftari tu! Kulipa unalipa kwa awamu nne za mwaka. Mauzo yakivuka milioni 11 hadi milioni 100, ni asilimia 3.5 ya mauzo, na kumbukumbu ni lazima.

Tahadhari moja. Utaratibu huo haukuwekwa kwa wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi au za mafunzo. Ukienda TRA eleza kazi yako ilivyo: kupiga harusi na kusafisha picha ni kitu kimoja, kuendesha mafunzo ya upigaji picha kwa ada ni kingine. Ukijieleza vibaya kaunta unaweza kuwekwa kapu ambalo si lako, na kutoka humo ni safari.

Ubaya wa jina la biashara ni kwamba wewe na jina ni kitu kimoja. Studio ikidaiwa, unadaiwa wewe: kamera, pikipiki, hata kiwanja chako cha Naliendele. Watu wengi pia hudhani wakisajili jina basi ni mali yao nchi nzima. Jina la biashara si alama ya biashara. Alama inasajiliwa kivyake, hukohuko BRELA, na kama kazi yako ni nembo inayogongwa kwenye kila picha, iulizie.

Kuhusu fremu

Kiswahili chetu kina utani wake: fremu ni ya picha, na fremu ni chumba cha duka. Mpiga picha anaweza kuuza ya kwanza mwaka mzima asiweze kulipia ya pili.

Nasema hivyo kwa sababu kupanga fremu kunaleta kodi ambayo wengi hukutana nayo kaunta wakiwa hawana hata thumni mfukoni. Mpangaji wa biashara ndiye anayetakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, kisha mwenye nyumba anapokea iliyobaki. Jaribu kumweleza mzee mwenye fremu karibu na Soko Kuu kwamba pango lake la Sh 1,200,000 kwa mwaka utampa 1,080,000. Atakuambia hiyo ni juu yako, na kwenye nyumba nyingi kweli inaishia kuwa juu ya mpangaji. Na mkataba wenyewe una ushuru wa stempu. Ukipanga, hesabu ya pango ianze hapo, usiishie kwenye bei aliyotaja dalali.

Kwa anayepiga matukio, fremu inaweza kungoja. Anayetegemea paspoti saizi na kusafisha picha hana ujanja, anahitaji mlango ulioangalia barabara, na kama ni jirani na Ligula au karibu na ofisi zinazodai picha kwenye fomu, ni bora zaidi.

Kampuni

Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Inamiliki kamera, inadaiwa, inashitaki, na wewe unabaki mwanahisa. Huo ndio uzuri wake mkubwa. Gharama ya kuingia haitishi: kwa mtaji wa hisa usiozidi Sh milioni 1, ada zote za BRELA zilikuwa Sh 167,200, na zinapanda mtaji ukipanda. Kazi ni kuilea. Kila mwaka ritani, yaani taarifa ya mwaka, BRELA. Kila mwaka ritani ya kodi iliyothibitishwa na mhasibu mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, naye hafanyi kwa kukupenda. Ukisahau mwaka mmoja, faini zinaanza kujipanga.

Rudi kwenye ile 7,500,000. Tuseme usafiri, msaidizi, albamu na bando vimekula milioni 4. Faida ni milioni 3.5, na kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida: Sh 1,050,000. Mwenye jina la biashara kwa mauzo yaleyale alilipa 105,000. Mara kumi. Mjuzi atasema: jilipe mshahara wa Sh 270,000 kwa mwezi, kiwango ambacho PAYE, kodi ya mshahara, haijaanza kukata, faida itashuka. Ni kweli, lakini ukishakuwa na mshahara kuna mchango wa hifadhi ya jamii NSSF asilimia 20, kuna taarifa za kila mwezi, na mhasibu anaongeza bei. Kwa mauzo ya milioni 7 unacheza ngoma ya wakubwa.

Halafu kuna uvumi kwamba zabuni hupewa kampuni tu. Ununuzi wa umma sasa hupita kwenye mfumo wa NeST, na mwenye jina la biashara naye anajisajili humo. Kinachomkwamisha mara nyingi ni leseni iliyoisha au cheti cha kodi kilichopitwa na wakati. Na ukilipwa na taasisi, jina la biashara au kampuni, tegemea ikate kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma. Dai hati yake, usiridhike na maneno.

Lini basi kampuni inafaa? Nimeona sababu mbili tu zenye uzito.

Ya kwanza ni deni au hatari kubwa. Unakopa kununua kamera za video na droni, unaingia mkataba na mkandarasi upande wa Madimba au bandarini, mkataba unasema ukichelewesha unalipa fidia. Hapo unataka ukuta kati ya studio na nyumba yako. Benki nyingi zitakudai dhamana binafsi hata hivyo, kwa hiyo ukuta una tundu, lakini ni ukuta. (Droni yenyewe ina vibali vyake vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, cheti cha BRELA hakirushi kitu angani.)

Ya pili ni ubia. Jina la biashara linaweza kusajiliwa kwa wabia wawili au zaidi, ni rahisi, na wengi ndivyo wanavyoanza: mmoja ana kamera, mwenzake ana kompyuta na mdomo wa kutafuta wateja. Lakini kila mbia anabeba deni la mwenzake. Na Kusini tuna jambo letu. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili tunahesabu ukoo upande wa mama. Mbia akifariki, Mungu apishe mbali, wanaokuja kuuliza vitu vya marehemu si mke na watoto peke yao, kuna wajomba na wapwa, kila mmoja na haki anayoijua yeye. Kamera iliyonunuliwa kwa pesa ya wawili, risiti ikiwa na jina la mmoja, inaondoka na begi lake. Kwenye kampuni, kamera ni ya kampuni. Familia inarithi hisa, na studio inafungua mlango Jumatatu. Nilishuhudia vijana wawili Lindi mjini, mmoja akatangulia mbele ya haki. Aliyebaki alimaliza harusi tatu za kianzio walichokula pamoja kwa kamera ya kuazima. Kama mko wawili na vifaa mmenunua kwa kuchangiana, ningewashauri kampuni hata kama mauzo bado madogo. Ikishindikana, basi karatasi ya ubia inayotaja kila kifaa na mwenyewe, mbele ya wakili.

Ambacho hakibadiliki kwa cheti

Ukiwa wa pembeni unapiga, unakabidhi, basi. Ukiwa na jina unataka kujitangaza, na tangazo la mpiga picha ni sura za watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, picha ya mtu anayetambulika si ya kuchezea. Weka mstari wa ruhusa kwenye makubaliano, na anayekataa mheshimu. Hakimiliki ya picha inalindwa na sheria ya 1999, lakini kumiliki picha hakukupi ruhusa ya kubandika sura ya bibi harusi kwenye bango la barabarani.

Huku kwetu kuna zaidi ya sheria. Unyagoni kuna sehemu ambayo kamera haiingii, na kungwi akikuambia subiri nje, unasubiri nje. Wali wakitolewa na kanga mpya na miamvuli, hapo piga mpaka betri iishe. Kwenye singo (sherehe ya kumsinga bibi harusi) na kitchen party za wanawake peke yao, wengi hawataki kabisa mwanamume mwenye lenzi, na wengine hudai memori kadi ibaki kwa bibi harusi. Hapa dada zetu wana soko ambalo mimi nimelikosa kwa maumbile. Nimewapeleka wateja kwa binti mmoja wa Mikindani mara nyingi kiasi kwamba sasa yeye ndiye anayenipa kazi za ziada. Yeye hajasajili chochote bado. Wateja wake wote ni kina mama wanaolipa taslimu, na kwa orodha yake simsukumi. Nimemwambia tu aanze daftari, maana msimu wa korosho uliopita nilimhesabia kwa vidole tukafika milioni 3 na nusu.

Mimi nipo kwenye jina la biashara, mwaka wa tatu sasa. Duka la vifaa vya ujenzi niliacha mwaka wa pili, Februari, si Novemba, baada ya kuona kwamba miezi mitatu ya ukame naweza kuipita kwa kazi za taasisi peke yake. Fremu sina; nina chumba kimoja nyumbani Likombe chenye printa na kitambaa cheupe ukutani. Mwezi uliopita mtu wa video alinijia tuungane, ana gimbali (kishikio cha kutuliza kamera) na kompyuta nzuri, na anataka tukope tununue droni. Nimemwambia kwanza tukae na mhasibu, halafu tuandike kampuni, halafu ndiyo benki. Amesema nina woga. Tunakutana tena baada ya Idi, na orodha ya vifaa vyake nimeshamwomba aje nayo imeandikwa, pamoja na risiti.